Ramani ya mawazo ya pamoja inapogoma: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Walimu watano wa Kiswahili waliamua kuchora kwa pamoja ramani moja ya mawazo, yaani mchoro wa matawi yanayotoka kwenye wazo kuu, kuhusu ngeli za nomino, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, nami nikaombwa niwaandalie programu ya bure ya mtandaoni. Ilipofika saa mbili usiku kila mmoja alikuwa na lalamiko lake. Wa kwanza alifungua kiungo akakuta ukurasa mweupe. Wa pili aliiona ramani lakini hakuweza kuandika chochote. Wa tatu alijaza tawi lote la LI-YA, kisha likatoweka mbele ya macho yake. Na wawili waliobaki waliandika ngeli ileile ya U-I mara mbili kwa sababu hakuna aliyekuwa akiona kazi ya mwenzake. Ukiyasikiliza malalamiko hayo kwa pamoja utadhani programu ni mbovu. Ukiyatenganisha, unakuta kila moja lina chanzo chake, na takriban yote yanarudi kwenye swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwanzoni.

Kwanza kabisa, ramani inakaa wapi?

Programu za namna hii zinagawanyika katika makundi matatu kulingana na mahali zinapohifadhi kazi. Miro, MindMeister na Coggle huhifadhi ramani kwenye seva, yaani kompyuta za mtandaoni, za mtoa huduma, na ndiyo maana hukutaka uwe na akaunti kabla ya kuanza. Draw.io haina ghala lake yenyewe: hukuuliza mwanzoni kama faili iwekwe Google Drive, OneDrive, mahali pengine pa aina hiyo, au kwenye kompyuta yako, na jibu utakalotoa ndilo linaloamua iwapo wenzako wataweza kuifikia. Excalidraw, ukiifungua bila kuingia kwenye akaunti yoyote, huweka mchoro ndani ya kivinjari unachotumia (Chrome, Firefox na kadhalika), kwenye kifaa hichohicho, na mchoro huo haupo mahali pengine popote hadi utakapoanzisha kikao cha pamoja au utakapouhifadhi kama faili.

Ninapomuuliza mtu ramani yake inakaa wapi, mara nyingi hunijibu kwamba iko kwenye intaneti, na hapo ndipo ninapojua kwamba bado hatujaanza kazi. Usiendelee na hatua yoyote iliyo hapa chini kabla hujapata jibu mahususi zaidi ya hilo.

Kiungo kinafungua ukurasa mtupu, au mwenzako anaambiwa hana ruhusa

Kama programu ni Excalidraw na mwenzako anaona ukurasa mweupe usio na kosa lolote, inaelekea ulinakili anwani iliyo juu ya kivinjari chako bila kuanzisha kikao cha pamoja. Anwani hiyo ni ya ukurasa wa mwanzo wa programu, kwa hiyo kila anayeifungua huletewa kilichomo ndani ya kivinjari chake yeye, ambacho kwa mtu mgeni ni karatasi tupu. Anzisha kikao kwanza kwa kitufe cha kushirikiana, kisha nakili kiungo utakachopewa hapo. Ipo pia njia nyingine ya kutoa kiungo ambayo hupeleka nakala ya mchoro kama ulivyo dakika hiyo; anayekipokea ataiona ramani vizuri kabisa, ila lolote utakaloongeza baadaye halitamfikia. Watu wengi huchanganya viungo hivi viwili, kisha wanalaumu mtandao.

Kiungo sahihi nacho kinaweza kuharibika njiani. Katika Excalidraw, mchoro hufumbwa kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa kuufumbua umo ndani ya kiungo chenyewe, katika sehemu inayofuata alama ya #, na sehemu hiyo kivinjari hakiipeleki kwenye seva. Huo ndio ulinzi wake, maana seva inahifadhi kitu isichoweza kukisoma. Lakini maana yake pia ni kwamba kiungo kikikatwa herufi chache mwishoni, hakuna mtu wa kukurudishia ufunguo. Nilipoangalia simu ya yule mwalimu wa kwanza, kiungo chake kilikuwa kimevunjika katika mistari miwili ndani ya ujumbe: mstari wa juu ulikuwa na rangi ya bluu na ulibofyeka, ilhali wa chini ulikuwa maandishi meusi ya kawaida. Mtu fulani alikuwa amekinakili kutoka kwenye faili ya PDF kikaja na mapengo yake. Tuma kiungo peke yake katika ujumbe, bila maneno mengine kabla wala baada yake, kisha linganisha herufi za mwisho.

Kwa faili za draw.io zilizo Google Drive, dalili huwa ni ujumbe wa wazi kwamba huna ruhusa, na chanzo ninachokikuta mara kwa mara ni akaunti mbili ndani ya simu au kompyuta moja. Mwalimu amealikwa kwa barua pepe ya kazini, lakini kivinjari kinamtambua kwa barua pepe yake binafsi, kwa hiyo Google inamwona mtu asiyealikwa. Angalia picha ndogo ya akaunti kwenye kona ya juu ya ukurasa. Au fungua kiungo katika dirisha la hali fiche (Incognito), uingie kwa akaunti moja tu iliyoalikwa. Endapo hata hapo inakataa, muulize mwenye faili kama akaunti yake ni ya shule au ya ofisi, kwa kuwa msimamizi wa akaunti za taasisi anaweza kuzuia faili zisitoke nje ya taasisi, na kizuizi hicho hakiondolewi na mtumiaji wa kawaida hata akibadilisha mipangilio ya faili mara kumi. Tiba nyepesi ni kuiunda ramani upya chini ya akaunti binafsi, iwapo taratibu za kazi zinaruhusu.

Kuna wanaozuiwa hata kabla ya kufika kwenye ramani: wanabofya kuingia kwa akaunti ya Google, kisha wanapewa kosa namba 403 lenye maneno disallowed_useragent. Maana yake ni kwamba kiungo kimefunguliwa ndani ya programu nyingine, kwa mfano Facebook au Instagram, ambazo huwa na kivinjari chao kidogo cha ndani, na Google hairuhusu watu waingize nenosiri humo. Bonyeza vitone vitatu, chagua kufungua katika kivinjari cha kawaida, na tatizo litakuwa limekwisha.

Ramani inaonekana, lakini haikubali kuandikwa

Hapa angalia ruhusa kabla ya kitu kingine. Google Drive hutofautisha mtazamaji, mtoa maoni na mhariri, na mtu anayefungua faili kwa kiungo cha jumla huwa mtazamaji mpaka mwenye faili aamue vinginevyo. Kwa draw.io kuna mlango wa pili unaosahaulika: baada ya kupewa uhariri kwenye Drive, kila mshiriki lazima pia airuhusu draw.io ifikie Drive yake, na ombi hilo hutokea katika dirisha dogo ambalo kivinjari chenye kizuia madirisha ibukizi hulimeza kimyakimya. Tafuta alama ya dirisha lililozuiwa pembeni mwa upau wa anwani, uliruhusu, kisha ufungue faili upya.

Kama ruhusa ni sahihi, chunguza kikomo cha huduma ya bure. Katika Miro, ambayo kila mchoro wake huitwa ubao, akaunti ya bure ina mbao tatu tu zinazoharirika, na ukizidisha idadi hiyo baadhi ya mbao hubaki za kutazama. MindMeister nayo huruhusu ramani tatu kwa asiyelipa. Coggle hukuwekea kikomo cha ramani tatu za faragha, ingawa za hadharani ni nyingi upendavyo, na hapo inafaa mtu afikirie vizuri kabla ya kuweka hadharani majina ya wanafunzi. Walimu wetu walikuwa wamefungua kila somo ubao wake ndani ya akaunti moja. Ubao wa ngeli ulikuwa hauna hitilafu yoyote, ila ulikuwa umezidi hesabu. Futa zisizotumika, au mada mbili zikae ubao mmoja kwa kutenganishwa na nafasi pana.

Kazi inapotea, au matawi yanarudi yalivyokuwa

Dalili hii ndiyo inayoumiza kuliko nyingine, na ndiyo inayohitaji utulivu zaidi, kwa sababu kitu cha kwanza ambacho watu hufanya, yaani kupakia ukurasa upya, mara nyingine ndicho kinachokamilisha hasara.

Tawi la LI-YA lilipotea hivi. Mwalimu alikuwa akitumia simu. Alipigiwa, akazungumza kwa dakika kadhaa, na wakati huo simu ikakilaza kivinjari ili kuokoa betri. Aliporudi, ramani ilikuwa bado kwenye kioo chake kama alivyoiacha, naye akaendelea kuandika: jicho na macho, jambo na mambo, jani na majani. Juu kabisa, upande wa kulia, palikuwa na alama ndogo ya kijivu ya wingu lililokatwa mstari, ambayo kwa kioo cha simu ni kubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Hakuiona. Alipoona kazi ya wenzake haionekani akavuta ukurasa chini kwa kidole ili uburudike, yaani upakiwe upya. Kivinjari kikaleta toleo lililokuwa kwenye seva, ambalo halikuwa na neno hata moja kati ya hayo aliyoandika.

Kwa hiyo ukirudi kwenye ramani baada ya kuiacha kwa muda, tafuta alama ya muunganisho kabla ya kuandika. Ukikuta tayari umeandika na alama inaonyesha kwamba umekatika, usiburudishe ukurasa na usifunge kichupo. Chagua matawi mapya, uyanakili na kuyabandika kwenye daftari la simu au ujumbe wa kujitumia mwenyewe, au piga picha ya kioo kama kunakili kunashindikana, kisha ndipo uurejeshe mtandao na kusubiri.

Chanzo cha pili hakihusiani na mtandao. Katika programu ambazo kwa kweli ni za ramani za mawazo, kila tawi ni mtoto wa tawi lingine, na anayefuta tawi mama hufuta pamoja nalo vitoto na vitukuu vyake vyote, hata vile vilivyoandikwa na watu wengine. Usianze kubonyeza Ctrl na Z wewe uliyepotelewa, kwa maana katika nyingi ya programu hizi kutengua huhusu vitendo vya mtu mwenyewe, na utaishia kutengua kazi yako iliyo salama. Uliza kundi nani amefuta kitu katika dakika zilizopita, na huyo ndiye atengue.

Ukipotelewa na ramani nzima ya Excalidraw ambayo haikuwahi kuwa kwenye kikao wala kwenye faili, angalia ilikuwa ndani ya kivinjari gani. Ya hali fiche huondoka pale dirisha linapofungwa. Kompyuta nyingi za mgahawa wa intaneti hujisafisha kila mteja anapoondoka. Programu za kusafisha simu, zile zinazojisifu kwa megabaiti zilizookolewa, zinaweza kufagia data za kivinjari pamoja na mchoro wako. Na kwa wanaotumia Safari, tangu mwaka 2020 kivinjari hicho hufuta data ambayo tovuti imeihifadhi ndani yake endapo mtumiaji atakitumia kwa siku 7 bila kuigusa tovuti hiyo. Mwalimu anayechora kabla ya likizo fupi na kurudi baadaye anaweza kukuta karatasi tupu bila mtu yeyote kukosea. Jihadhari vilevile unapojiunga na kikao cha mwingine ilhali una mchoro wako wazi, kwa kuwa mchoro wa kikao unaweza kuchukua nafasi ya huo wako. Programu hutoa onyo, lakini ni nani husoma maonyo. Hifadhi faili kwenye kifaa kwanza.

Kwa walio Google Drive habari ni njema zaidi. Draw.io huonyesha historia ya matoleo kutoka kwenye menyu ya faili, na Drive yenyewe hutunza matoleo ya awali ya faili za namna hii, ingawa ya zamani yanaweza kufutwa baada ya siku 30 au yakishafika 100, isipokuwa toleo uliloagiza litunzwe daima. Coggle pia huweka historia ya mabadiliko ambayo unaweza kurudi nyuma ndani yake. Kabla ya kurejesha toleo la juzi, pakua nakala ya la leo, kwa sababu wenzako wanne wanaweza kuwa wameongeza mambo ambayo wewe hujayaona.

Kila mtu anaandika, hakuna anayemwona mwenzake

Kama ni draw.io na faili imehifadhiwa kwenye kompyuta, hakuna hitilafu: kila mliyemtumia faili ana faili yake, na hazitaungana kamwe. Zipeleke kwenye Drive na mchague moja iwe ya wote.

Kama wote mko kwenye kikao kilekile na bado hamwonani, mtuhumiwa mkuu ni mtandao wa taasisi. Programu hizi hutumia mawasiliano ya aina ya WebSocket, yaani njia inayobaki wazi kati ya kivinjari na seva ili kila badiliko lipite papo hapo bila ukurasa kuombwa upya. Baadhi ya vizuizi vya mitandao ya shule na ofisi huruhusu ukurasa upite, kisha huikata njia hiyo, na matokeo yake ni ramani inayofunguka vizuri lakini iliyo kama picha ukutani. Jaribio lake ni rahisi: iunganishe kompyuta ileile na intaneti ya simu yako kwa dakika mbili. Wenzako wakitokea, chukua ushahidi huo umpelekee msimamizi wa mtandao, umtajie jina la tovuti na neno WebSocket. Ataelewa haraka kuliko ukimwambia kwamba intaneti inasumbua. Ikiwa hata kwa intaneti ya simu hamwonani, zima viendelezi (programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari) vya kuzuia matangazo kwa tovuti hiyo, halafu hakikisheni kwamba kiungo mlicho nacho ni kilekile herufi kwa herufi.

Ukurasa haufunguki kabisa, au kivinjari kinatoa onyo la usalama

Katika maabara za kompyuta za zamani, tazama saa kabla ya kutazama waya. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama ikichoka, kompyuta husahau tarehe kila inapozimwa na huamka ikiamini kwamba ni mwaka uliokwisha pita. Kivinjari kikilinganisha tarehe hiyo na cheti cha usalama cha tovuti huona cheti bado hakijaanza kutumika, nacho kinakataa. Kurekebisha saa hutibu kwa siku moja, kubadili betri hutibu kwa miaka.

Kompyuta zenye Windows 7 zina mpaka wao. Chrome ya mwisho kwa mfumo huo ni toleo la 109, lililotoka Januari 2023, na kadiri siku zinavyokwenda programu za mtandaoni hutumia mambo ambayo toleo hilo haliyajui. Kwenye simu, Opera Mini ikiwa katika hali ya kubana data kupita kiasi huomba seva za Opera zipakie ukurasa, kisha hukuletea matokeo yaliyosagwa. Inafaa sana kwa kusoma habari kwa kifurushi kidogo, lakini ubao wa kuchorea haufanyi kazi hivyo. Tumia Chrome au Firefox kwa kikao hicho.

Maneno yanabadilika yenyewe, au ukurasa unaganda katikati ya uandishi

Tatizo hili linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili ndani ya programu zenye vitufe vya Kiingereza. Chrome huona lugha mbili katika ukurasa mmoja na hujitolea kutafsiri. Ukikubali, au ukiwa uliwahi kuiagiza itafsiri daima, mtafsiri huyo huingia ndani ya ukurasa na kubadilisha vipande vya maandishi ambavyo programu inadhani inavimiliki peke yake. Programu ikirudi kuvigusa haivikuti, ndipo huganda au kufuta kioo chote. Wakati mwingine haigandi, bali tawi lililoandikwa Kiswahili linasomeka Kiingereza kwako tu, ilhali wenzako wanaliona sawasawa. Hutokea kwa programu ambazo maandishi ya matawi ni sehemu ya ukurasa wenyewe. Excalidraw huchora maandishi kama picha, kwa hiyo humo mtafsiri hufikia vitufe tu. Zima tafsiri kwa tovuti hiyo, kisha pakia ukurasa upya.

Ukisogeza tawi, vitoto vyake havifuati

Excalidraw, na draw.io kwa kiasi kikubwa, ni mbao za kuchorea: hazijui kwamba kisanduku cha „KI-VI” ni mtoto wa kisanduku cha „Ngeli” mpaka uviunganishe. Mstari uliowekwa karibu na kisanduku haujashikamana nacho. Uvute ncha ya kiunganishi hadi ukingo wa kisanduku ung'ae, ndipo uiachie. Hata hapo mistari itafuata lakini visanduku vingine vitabaki palepale, kwa hiyo kama ramani yenu inapangwa upya kila siku, tumieni programu ya ramani halisi, mfano Coggle, MindMeister au WiseMapping ambayo ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote. Hiyo ya mwisho, pamoja na MindMeister, hupokea faili za .mm kutoka FreeMind, programu ya ramani za mawazo inayowekwa kwenye kompyuta, jambo linalowafaa waliokuwa wakichora bila mtandao.

Picha iliyotumwa haihaririki tena

Draw.io inaweza kuweka nakala ya mchoro ndani ya picha ya PNG unayopakua, na Excalidraw pia, ili picha hiyohiyo ifunguliwe baadaye na kuhaririwa. Lakini ukiituma WhatsApp kama picha, WhatsApp huibana upya na data iliyofichwa ndani hupotea; mpokeaji hubaki na picha yenye ukungu. Itume kama hati, kwa kubonyeza alama ya kuambatisha na kuchagua hati badala ya matunzio, na umwombe mpokeaji aipakue kwanza kabla ya kuifungua ndani ya programu.

Kiungo cha zamani cha Jamboard hakifunguki

Google iliifunga Jamboard, ubao wake wa kuchorea wa mtandaoni, tarehe 31 Desemba 2024, baada ya kuifanya ya kutazama tu tangu Oktoba mosi mwaka huo. Tafuta nakala za PDF katika Google Drive ya aliyekuwa mwenye ubao. Zikiwepo, ziweke kama picha ya chini katika programu mpya na mwandike matawi upya juu yake.